Kabla ya kumwongezea mtoto wa darasa la saba tuisheni, omba karatasi zake za moko

Mzazi mwenzangu, umeeleza kwamba mwanao amepata alama 118 kati ya 300 katika moko, yaani mtihani wa utimilifu, ya mkoa, kwamba Septemba imeshakaribia, na umeuliza kama umwongezee tuisheni ya jioni au umpeleke kambi iliyotangazwa na shule yake. Mimi si mwalimu. Nina duka la rejareja hapa Morogoro, niliishia kidato cha nne, na Hisabati yenyewe nilipata F. Hata hivyo nimekaa na binti wa dada yangu tangu akiwa darasa la tano, na alifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi Septemba 2023 akitokea shule ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili, hivyo ninayokueleza nimeyapitia mwenyewe, pamoja na makosa niliyoyafanya kwa fedha zangu.

Kwanza nikutoe hofu kuhusu hiyo 118. Masomo ni sita, kila somo lina alama 50, daraja C huanzia alama 121, na mwenye A, B au C ndiye anayehesabiwa kuwa amefaulu. Mwanao amepungukiwa alama tatu. Orodha ya moko ikibandikwa ukutani humfanya mtoto wa namna hiyo aonekane hajui chochote, na yeye mwenyewe huanza kuamini hivyo, jambo ambalo kwa maoni yangu linamdhuru kuliko alama zenyewe.

Binti yetu aliporudi na matokeo mabaya ya moko ya wilaya, nilifanya lile unalofikiria kulifanya. Nilimwandikisha tuisheni ya jioni kwa mwalimu mmoja wa mtaani, shilingi 500 kwa siku, watoto zaidi ya arobaini sebuleni, na kila jioni walipewa maswali mapya ya kunakili ubaoni. Baada ya wiki saba alikuwa amejaza madaftari matatu, na katika moko ya mkoa Hisabati ilipanda kwa alama mbili tu. Nilipoyafungua yale madaftari niliona vyema na mikasi ya kalamu nyekundu kurasa nzima, lakini sikuona mahali hata pamoja ambapo swali alilokosa lilirudiwa. Mtoto alikuwa akilipiwa ili aendelee kukosea kosa lilelile kwa bidii zaidi.

Ndipo nilipokwenda shuleni kwake kuomba karatasi zake za moko, si orodha ya alama bali karatasi zenyewe pamoja na majibu yake, na mwalimu wa darasa alinipa bila shida. Tulikaa dukani baada ya kufunga, tukaanza na Hisabati. Swali mojawapo lilikuwa 24 − 8 + 6, naye aliandika 10. Nilimwuliza amepataje. Akasema, "Mama mdogo, MAGAZIJUTO. JU inatangulia TO," akimaanisha lile neno la kukumbushia mpangilio wa mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa, akanionyesha kwa kidole jinsi alivyojumlisha 8 na 6 akapata 14, kisha akatoa 14 kwenye 24. Nami, kwa F yangu, nilikuwa karibu kukubaliana naye. Nikamwambia basi tuachane na daftari: una shilingi 2,400, umetumia 800, halafu nimekupa 600, una ngapi? Akajibu palepale, bila kalamu, "Elfu mbili na mia mbili." Akanyamaza, akaiangalia tena karatasi, akaifuta ile 10 mpaka ikatoboka.

Kesho yake mwalimu wake wa Hisabati alitueleza kwamba kujumlisha na kutoa vina uzito sawa, hivyo unakwenda ukianzia kushoto, na kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo. Neno MAGAZIJUTO husaidia kukumbuka, ila mtoto akilichukua herufi kwa herufi linampoteza. Katika karatasi mbili za moko kosa hilo peke yake lilikuwa limemgharimu maswali matatu. Jingine lilikuwa la asilimia: khanga imeuzwa shilingi 15,000 baada ya bei kupunguzwa kwa asilimia 25, bei ya awali ilikuwa ngapi? Alitafuta asilimia 25 ya 15,000, akaiongeza juu yake, akapata 18,750. Ilibidi tuchore mstari wenye vipande vinne kwenye boksi la sabuni ili aone kwamba 15,000 ni vipande vitatu, kila kimoja 5,000, na bei ya awali ni 20,000.

Kuanzia siku hiyo tulitenga kaunta buku moja kwa ajili ya makosa tu. Kila swali alilokosa, la somo lolote, aliliandika upya, akaeleza kwa maneno yake alichokuwa anafikiria alipokosea, kisha akaandika njia iliyo sahihi. Hakuruhusiwa kuandika "sikuwa makini", kwa sababu neno hilo halimfundishi mtu kitu. Tulikuwa tukichukua dakika 40 kwa usiku, wakati mwingine kwa maswali manne tu, na kila Jumamosi alirudia yale ya wiki bila kuangalia majibu.

Daftari hilo ndilo lililotuonyesha jambo ambalo hakuna tuisheni ingeligundua. Sehemu kubwa ya makosa yake ya Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili hayakuwa ya kutojua. Alikuwa akisoma swali kwa kasi, akipita juu ya "isipokuwa", "si" na "hali-" kana kwamba hayapo, kwa hiyo swali likiuliza lipi halihusiani yeye alichagua la kwanza linalohusiana. Tulikubaliana apige mstari chini ya kila neno la kukanusha kabla ya kutazama majibu. Ni dawa ndogo mno, ila ndiyo iliyoleta alama nyingi kwa muda mfupi.

Jambo ambalo ningekuomba ulishughulikie wiki hii hii ni fomu ya kujibia. Mtihani aliofanya yeye ulikuwa na maswali 45 kwa kila somo: 40 ya kuchagua, ambayo mtahiniwa hutia kivuli herufi ya jibu kwa penseli ya HB, na 5 ya mwisho ambayo huandika majibu mwenyewe kwa kalamu ya wino. Fomu ya vivuli husomwa na mashine, na mashine haijui kwamba mtoto aliruka swali la 17 akakusudia kulirudia. Nilichora fomu kwa rula, nikaitoa nakala kwenye steshenari, nikampa afanye mtihani mzima kwa saa. Kwenye karatasi ya maswali alikuwa amezungushia majibu sahihi 31. Kwenye fomu yalihesabika 19, kwa sababu baada ya kuruka swali moja kila jibu lilipanda mstari mmoja juu. Nililitazama kwa dakika nzima nisijue nicheke au nilie. Tangu hapo alijizoeza kusimama kila baada ya maswali matano na kulinganisha namba ya swali na namba ya fomu, na kufuta jibu lililobadilishwa mpaka weupe urudi.

Kuhusu maswali ya mazoezi, huna haja ya kununua vitini vya barabarani ambavyo vingi vina majibu yasiyo sahihi. Tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, ambazo hueleza watoto wengi walivutwa na jibu lipi lisilo sahihi na kwa sababu gani. Wazazi wengi hudhani nyaraka hizo ni za walimu. Mimi nilizisoma kwa simu nikiwa dukani, nikachapisha kurasa chache za Hisabati na Kiingereza, na nikakuta makosa ya binti yetu yameelezwa humo kana kwamba mwandishi alikaa naye.

Kiingereza sikukiweza vizuri na sitajifanya mjuzi. Tulichofanya ni kusoma aya moja fupi kila asubuhi kwa sauti, na kumzoesha kutafuta dalili ndani ya sentensi, kwa mfano neno lenye maana ya "jana" ambalo tayari limekwambia kitenzi kiwe cha wakati uliopita.

Sasa nijibu maswali yako moja kwa moja. Tuisheni, ndiyo, iwapo utampata mwalimu mwenye watoto wachache atakayekubali kuanza na kaunta buku la makosa badala ya ubao wake. Vinginevyo fedha hiyo inunue penseli, nakala na mafuta ya taa au umeme. Kambi sikumpeleka. Nilipokwenda kuuliza nani analala na wasichana na wanalala saa ngapi, nilipewa orodha ya unga, maharage na mchango, lakini majibu ya maswali yangu mawili sikuyapata. Ukiyapata kwa shule ya mwanao, na ukaridhika nayo, basi ni uamuzi wako. Binti yetu alikuwa akilala saa tatu na nusu usiku wiki mbili za mwisho, na kwenye Hisabati, somo lililotuhangaisha, alipata B.