Kabla hujaipiga nyumba ya kale lipu ya simenti

Ukijaliwa kufika Norton St Philip, kijiji kilicho kusini mwa Bath huko Uingereza, usikimbilie ndani ya George Inn, baa ya kale yenye vyumba vya wageni. Vuka barabara kwanza, usimame, uitazame. Mimi mara ya kwanza niliingia na njaa yangu, na nikatoka bila kujua nimekalia nini.

Chini ni mawe, na mlango una upinde. Juu ya mawe, ghorofa za mbao zimejitokeza mbele kama baraza lililoinuliwa hewani. Watawa wa monasteri ya Hinton waliianzisha karne ya 14, wafanyabiashara wa sufu wapate pa kulala na pa kuweka mizigo. Mbao za juu ni za karne ya 15. Mwaka 1539 Mfalme Henry VIII aliwafungia watawa monasteri yao, lakini baa ikabaki.

Kilichonishika ni jinsi nyumba za aina hii zinavyojengwa. Boriti za mwaloni huchongwa ulimi na tundu, zikafungwa kwa vigingi vya mbao. Kati ya boriti husukwa fito, hukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, kisha chokaa. Fito na udongo! Nyumba ngapi za pwani yetu zimesimama hivyo hivyo?

Chokaa hupitisha unyevu: ukuta ukilowa, hukauka. Simenti ni ngumu. Mbao zikicheza kidogo, simenti hupasuka, maji huingia kwenye ufa yasipate pa kutokea, na boriti huoza huku nje kunapendeza.

Hilo nimelilipia. Nyumba ya bibi yangu Mji wa Kale, Mombasa, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Tuliipiga lipu ya simenti tukijiona tumemtendea wema. Baada ya masika ya pili lipu ilivimba, chumvi ikachomoza, bibi akahamisha kitanda.

Kwa hiyo, kabla hujakubaliana bei na fundi, muulize kama amewahi kufanya kazi ya chokaa, na akuonyeshe ukuta wake. Tafuta maji yanatoka wapi kwanza: paa, mfereji, au udongo uliorundikana chini ya ukuta. Simenti ya zamani ibanduliwe taratibu, ukuta uachwe ukauke, miezi ikibidi. Chokaa ipigwe tabaka nyembamba, kila moja ikilowanishwa isikauke haraka kwa jua. Na mwishoni paka chokaa ya maji; rangi ya plastiki itaziba tena ulichokwisha kukifungua.