Kumnunulia mteja fenicha kwa jina lako: yaliyonikuta Ilazo

Mdogo wangu uliyeuliza kama ni sawa mteja akutumie milioni nne kwenye akaunti yako umnunulie sofa, mapazia na taa halafu mtapiga hesabu baadae, nakuomba usome hii kabla hujatoa hata mia.

Mi nafanya intiria, yaani kupamba nyumba kwa ndani, hapa Dodoma. Kuna mama mmoja wa Ilazo alinipa nyumba nzima, akaniamini, pesa zote zikapita kwangu. Meza ya chakula na makabati nikaagiza kwa fundi mmoja Dar, mninga, risiti ikaandikwa jina langu maana mi ndo nilikuwa nimesimama pale. Mzigo ukafika salama, mama kafurahi mpaka akaniombea dua. Kumbe zile mbao zilikuwa mbichi, na kiangazi cha huku mnakijua, ule upepo mkavu wa mwezi wa tisa na wa kumi, mbao ikitoka kwenye unyevu wa Dar ikaletwa huku inanywea. Miezi mitatu tu mama ananiita, nachomeka sarafu ya mia mbili kwenye ufa wa meza inazama yote, milango ya kabati imepinda haifungi.

Nampigia fundi ananijibu huyo mama simjui, nilikuuzia wewe, na mali ikishatoka hairudi. Mama naye fundi hamjui, anayemjua ni mimi. Nikaenda kwa wakili akaniuliza, hapo ulikuwa muuzaji au wakala, yaani unamnunulia tu kwa niaba yake? Nikakosa jibu, kwasababu nilinunua kwa bei ya fundi nikampa mama kwa bei yangu, sikumwambia. Akasema basi we ni muuzaji, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inaweza kukubana utoe kitu kinachofaa kwa kazi aliyokutajia mteja aliyetegemea utaalam wako. Na mimi ningeweza kumdai fundi vilevile, ila sikuwa na karatasi yoyote inayosema mbao kavu. Nikalipa mwenyewe. Iliniuma sana, na kilichoniuma zaidi ni yule mama kuacha kunisalimia.

Na usidhani ukijiita wakala ndo umepona. Kwenye Sheria ya Mikataba, Sura 345, wakala asiyemtaja anayemnunulia anaweza kubanwa yeye binafsi, na kile cha juu ulichokula kimyakimya mteja ana haki ya kukidai. Ukiwa muuzaji nako risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) unatoa ya pesa yote, sio ya ada yako peke yake, kwaiyo mbele ya TRA milioni nne zote ni mauzo yako hata kama umebakiwa na laki tatu.

Siku hizi mteja analipa dukani mwenyewe, invoisi jina lake, ada yangu naandikiana naye pembeni, pamoja na nani anabeba hasara kitu kikivunjika njiani. Kwenye mbao nadai iandikwe "mbao kavu" kwenye invoisi, fundi akikataa naondoka.

We hiyo milioni nne iache ilivyo. Leo hii mwandikie mesej: nanunua kwa niaba yako, risiti zitatoka jina lako, ada yangu ni kiasi fulani. Akishajibu sawa ndo uende dukani, na hiyo mesej usiifute.