Ukienda Mwaka Kogwa, tafuta mwenyeji kabla ya tiketi

Kila mwaka ikifika Mei, simu yangu haitulii. Wanawake wa Kampala wananiuliza: dada, Zanzibar kwenye sikukuu ya Mwaka Kogwa tunakwenda lini, na hoteli gani ina bei nafuu? Jibu langu huwaudhi. Nawauliza: Makunduchi, kule sikukuu yenyewe inakofanyika, una nani?

Nilijifunza kuuliza hivyo baada ya kuumbuka. Mimi ni fundi cherehani, nyumbani kwetu Kisenyi, Kampala, na kikundi chetu cha nigiina, yaani wanawake tunaochangiana kwa zamu, kilikuwa kimechoka kununuliana masufuria na vyombo. Tukakubaliana fedha ya mwaka mzima ituvushe bahari. Julai 2019 tukaondoka watu watano kwa basi: Masaka, Mutukula, Bukoba, na njia ndefu isiyoisha mpaka Dar es Salaam. Wakala mmoja alikuwa ametupangia vyumba Nungwi. "Kisiwa ni kidogo," alisema, "popote ni karibu." Nungwi iko ncha ya kaskazini ya Unguja. Makunduchi iko kusini kabisa. Siku ya sikukuu tulipanda gari, tukashuka mjini, tukapanda jingine, na tulipofika uwanjani jua lilikuwa limeshapinda. Tulikuta majivu, na watoto wakiburuta vipande vya migomba.

Mzee mmoja alikuwa amekaa chini ya mti. Tukamwamkia shikamoo. Akaitika, akauliza tumetoka wapi hata tukachelewa hivyo, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Mmekula kwa nani?"

Tukasema hatujala kwa mtu. Akasimama pale pale, akatupeleka kwake, akamwita mkewe kwa sauti iliyofika jikoni kabla yetu. Baadaye ndipo nikaelewa ile haraka. Wenyewe wanasema nyumba isiyopata mgeni siku ya mwaka haina furaha. Sisi tuliona ametuhurumia. Kumbe na yeye alikuwa akitutafuta.

Basi ushauri wangu wote unaanzia hapo. Mwaka Kogwa si tamasha la jukwaani, ingawa siku hizi viongozi wa serikali huhudhuria na spika za muziki hazikosekani. Ni sikukuu ya nyumba na jamaa. Ukienda na kamera tu, utaona vumbi, moto na watu wanaokimbia. Ukienda una pahala pa kula, kila kitu kinabadilika, kwa sababu anayepigana pale uwanjani ni mtoto wa aliyekupikia wali.

Kwa asiyejua: kogwa ni kuoga. Watu wanauoga mwaka ili uondoke na uchafu wake. Asili yake inatajwa kuwa Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, na kalenda yake ni ya jua, siku 365 bila ile siku ya ziada ya Februari. Kwa hiyo kila miaka 4 inarudi nyuma siku moja. Kwa sasa huangukia katikati ya Julai, ila siku kamili muulize mwenyeji, usiitegemee intaneti. Mabaharia na wakulima wa pwani walihesabu miongo yao, kumi kumi, kuanzia siku hiyo, ili kujua pepo zinageuka lini na mbegu zishuke lini ardhini. Sheikh mmoja wa kwetu Kampala alininunia niliporudi, akisema mambo hayo si ya dini. Nikamwambia hata wenyewe hawasemi ni ya dini, na adhana ikiita wanakwenda msikitini kama kawaida. Tuliishia hapo.

Mara ya pili, 2022, tulifika siku mbili kabla, tukalala kwa yule mzee. Siku hizo mbili zilikuwa na faida kuliko sikukuu yenyewe. Tulichambua mchele, tulikuna nazi, tulijua nani ni wa upande wa kusini na nani wa kaskazini. Maana vijana hugawanyika pande mbili na kupigana kwa vigogo vya migomba, wakitoa kinyongo cha mwaka mzima, kisha yakiisha yameisha. Zamani, nasikia, ilikuwa fimbo za kweli.

Sasa fikiria sisi watu wa matoke tumesimama pale. Migomba imekatwa, imerundikwa, imegeuzwa silaha! Hajati mmoja wa kikundi chetu alinishika mkono kwa nguvu akaninong'oneza: "Mkungu wake umeenda wapi?" Hakutulia mpaka mwenyeji alipomwambia kuwa inayokatwa ni ile iliyokwisha kuzaa. Kwetu mgomba uliozaa nao hukatwa, ukabaki shambani uwe mbolea, basi akaridhika. Wanawake wa pale nao walipita na kanga zao mpya wakiimba, wakizunguka wapiganaji, na nyimbo zenyewe usiombe nikutafsirie mbele ya mkwe. Halafu kibanda kidogo cha makuti kikajaa wazee, kikatiwa moto, nao wakachomoka mbio huku watu wakitazama moshi unaelekea wapi, kwani huko ndiko wanakosoma habari za mwaka unaoingia.

Ukiwa mwanamume, usisogee mbele kama hutaki kuvutwa. Mdogo wangu alisogea. Akavutwa, akapewa kigogo, akapigwa mgongoni na kijana ambaye jioni yake walikula sahani moja. Na usivae nguo unayoipenda. Utomvu wa mgomba unajulikana kwetu tangu utotoni, lakini safarini mtu husahau akili zake nyumbani. Shati lake jeupe bado lina madoa meusi, na kushona najua, kuyatoa yale siwezi.

Mavazi kwa wanawake si tatizo kwetu. Gomesi, lile gauni refu la wanawake wa Uganda, inafunika kila kitu na iliwafurahisha sana. Mabega yale yaliyochongoka yaliguswa na nusu ya kijiji. Chukua na kanga, ukitaka kwenda ufukweni na wenzako baada ya ngoma. Salamu ndizo zilizotuchanganya. Mmoja wetu, Muganda aliyelelewa kwa adabu zote, alipiga magoti kumwamkia yule mzee. Mzee alishtuka, akainama kumwinua akidhani ameanguka. Tulicheka mpaka machozi, lakini tangu hapo kila mtu mtaani alitaka kumwona "yule anayepiga magoti."

Kiswahili chetu pia kilichekwa. Kwa Uganda lugha hii kwa muda mrefu ilisikika kama ya jeshi na ya barabarani, na unapofungua mdomo Makunduchi unaonekana unaamrisha. Usione haya. Punguza kasi, sema "naomba" kabla ya kila kitu, piga hodi mlangoni na usubiri uambiwe "karibu." Watakusahihisha kwa upendo. Mimi nilirudi nikijua tofauti ya "nipe" na "nipatie," na wateja wangu wamefaidi.

Zawadi msisahau. Tulibeba kahawa ya Masaka, ufuta na mikeka. Mikeka ilitandikwa siku hiyo hiyo, wageni wengine wakakaa juu yake, nikajua tumechagua vizuri. Fedha mpe mama wa nyumba kwa siri, ukisema ni ya kuni au ya sukari. Usiulize "ni kiasi gani?" kama uko dukani.

Mambo ya njiani kwa ufupi. Tanzania huingii kwa kitambulisho cha taifa kama unavyoingia Kenya, chukua pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, siyo ndani ya begi lililo chini ya basi. Badili fedha polepole: shilingi kwa shilingi, yao ina nguvu kuliko yetu, na kichwa kilichochoka huzichanganya. Wazungu huita Julai majira ya joto. Pale ni kipupwe, asubuhi kuna kibaridi, na upepo wa kusi unavuma. Maana yake boti ya kutoka Dar inayumba. Usile chipsi na mayai bandarini. Nasema kwa uzoefu, na aliyekuwa amekaa mbele yangu anisamehe.

Kama uko mjini, pita Ngome Kongwe uulize kama tamasha la filamu lipo, tarehe zake huhamahama. Wapenda muziki wangoje Februari, tamasha la Sauti za Busara kwa miaka mingi limefanyika humo humo. Ni raha, lakini pale unakata tiketi na kukaa.

Na kama nauli haitoshi, visiwa tunavyo. Kivuko cha Bukakata hadi Luku kinakufikisha kisiwa cha Bugala, Ziwa Victoria, bila malipo, na vijana wengi hushuka Kalangala, wakanywa ufukweni, wakarudi Jumapili. Wanapita karibu na kisiwa cha Bubembe bila kujua kuwa ndiko kulikokuwa na hekalu la Mukasa, yule wa ziwa katika imani za kale za Waganda. Huko nako ukijuana na familia moja ya wavuvi utaalikwa harusi na utakula ngege, yaani sato, wa asubuhi. Ila maji ya kando ya mwambao yana kichocho, msiingie ovyo.

Mwaka huu mama mwenyeji amepiga simu mapema, kabla sijampigia. Anataka kujua aweke mchele wa watu wangapi. Nikamwambia saba. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na yule anayepiga magoti, yumo?"