Usiuze hizo neti, hata kwa shilingi 50

Ndugu, futa hiyo shilingi 50 unayotaka kumtoza mjamzito kwa neti ya mbu, kabla hujachapisha chochote. Umeuliza kuhusu stoo, mabango, mafunzo ya wahudumu na bei ya neti za wajawazito, lakini mimi nimekwama kwenye bei, maana hapo ndipo tulipozikwa sisi.

Kikundi chetu kilipata neti za kliniki. Akaja mshauri na suti yake, akatuambia cha bure hakithaminiwi: mtu akipewa neti ataifugia kuku au ataivulia samaki, kwa hiyo tozeni kidogo, wachukue wenye nia. Tukaitikia kama wanakwaya. Kumbe mama anashuka kliniki amefunga nauli ya kurudi tu kwenye leso, pesa nyingine anayo mzee nyumbani. Anauliza bei, anasema atarudi. Harudi. Marobota yakakaa mpaka dari, na panya wa stoo yetu ndio waliokingwa na malaria kuliko lokesheni nzima. Mshauri alishalipwa zamani. Simu zetu hashiki.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwepo, tena limetoka hapa hapa magharibi mwa Kenya. Watafiti wa uchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walijaribu bei tofauti kwenye kliniki za wajawazito, wakachapisha 2010. Bei ilipotoka bure ikafika shilingi 40 tu, uchukuaji ulishuka kwa pointi 60 za asilimia. Wakawafuata kina mama majumbani: waliolipa hawakuzitundika zaidi ya waliopewa. Na WHO, Shirika la Afya Duniani, ilikuwa imependekeza tangu 2007 zigawiwe bure au kwa ruzuku kubwa. Sijui yule bwana alikuwa akisoma nini, udaku?

Usiniambie pia kwamba watazoea vya bure. Dupas alilifuatilia hilo, akachapisha 2014: waliopata neti ya kwanza kwa ruzuku kubwa ndio waliokuwa tayari zaidi kununua nyingine baadaye. Halafu neti yenye dawa inaua mbu, hata jirani asiye nayo anapata nafuu. Ukianza kuchuja "wenye nia", nafuu hiyo unaikata mwenyewe.

Mabango na mafunzo wengine watakujibu. Wewe mpe mama neti siku yake ya kwanza ya kliniki, iandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto, aende zake. Mfadhili akidai "mchango wa jamii", mwambie jamii imeshachangia nauli.