Kumuuzia Mshindani Kioo

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba kioo cha iPhone X ya mwaka 2017 kilitengenezwa na Samsung ya Korea Kusini. Inakuwaje kampuni imnoe mshindani wake?

JIBU: Ndugu msomaji, kiwanda cha vioo vya OLED, yaani vioo ambavyo kila nukta yake hujitolea mwanga wenyewe, hugharimu mabilioni ya dola kabla hakijatoa hata kioo kimoja, na gharama hiyo haipungui mitambo ikilala, hivyo kila kioo anachonunua Apple hubeba sehemu ya mzigo ambao ungezielemea simu za Samsung zenyewe. Akinyimwa, ataikuza LG, mtengenezaji mwingine wa vioo, kwa fedha zake. Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mteja kuhama: chipu ya A7, ubongo wa iPhone, ilitengenezwa na Samsung, lakini ya A8, mwaka 2014, ikaenda kwa TSMC, kampuni ya kutengeneza chipu ya Taiwan.