Je, malkia mpya atawaokoa nyuki wangu?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Mizinga. Nina mizinga 6. Katika miwili, nyuki wachanga wanatoka na mabawa yaliyosinyaa na kujikunja. Wanatambaa chini mbele ya mlango hadi wanakufa. Ile minne haina shida. Nimeshauriwa ninunue malkia wa mbegu bora. Ndiyo dawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana. Mabawa ya namna hiyo ni dalili ya virusi, na anayevieneza ni utitiri wa varoa, kidudu kidogo kinachoishi juu ya nyuki. Kabla ya kununua chochote, hesabu utitiri. Tena hesabu katika mizinga yote 6, maana hiyo minne huenda imechelewa tu kuonyesha.

Chota nusu kikombe cha nyuki kwenye sega la majana, yaani watoto wa nyuki, kama nyuki 300, ukihakikisha malkia hayumo. Watie kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, wanyunyizie sukari ya unga, uwazungushe taratibu, subiri dakika mbili, kisha kung'uta chupa juu ya sahani nyeupe. Idadi ya utitiri igawe kwa 3, upate kiwango kwa nyuki 100. Ikifika 3, tibu mara moja. Malkia mpya hawezi kuwahi hapo. Nyuki wako warudishe mzingani, wenzao watawalamba sukari.

Sasa mbegu. Utitiri huzaana ndani ya kichumba cha sega kilichozibwa, chenye jana. Nakumbuka nilipofungua jana la dume kwa mara ya kwanza na kulitazama kwa lenzi: jike mwekundu wa kahawia, mpana kuliko alivyo mrefu, hafiki milimita 2, na watoto wake weupe wamemzunguka. Moyo uliniuma. Lakini ndipo nilipoelewa kwa nini nyuki anayetoboa kifuniko na kulitoa jana lenye ugonjwa ni wa thamani: anaukata uzazi wa utitiri katikati.

Tabia hiyo hurithiwa. Mwaka 1964 Walter Rothenbuhler, mtafiti wa Marekani, alitoa matokeo ya kuchanganya nyuki wasafi, yaani wenye tabia hiyo, na wasio wasafi. Kati ya makundi 29 aliyopata, 6 yalifungua vichumba na kutoa majana yaliyokufa. Mengine 9 yalifungua, yakayaacha humo humo. Yaliyobaki 14 hayakufungua kabisa. Rothenbuhler akayafungulia vifuniko mwenyewe, na 6 kati ya hayo 14 yakaanza kutoa! Kumbe kufungua na kutoa ni kazi mbili, zinazorithiwa mbalimbali. Yeye alidhani ni jeni mbili. Utafiti wa baadaye ulikuta ni nyingi zaidi. Mimi jaribio hilo linanisisimua hadi leo.

Wewe unaweza kupima nyumbani. Kata kipande cha sega chenye majana yaliyozibwa, sentimita 5 kwa 6, kigandishe kwenye friza saa 24, kirudishe palepale kilipotoka. Kundi safi litakuwa limekimaliza karibu chote ndani ya saa 48. Ukiwahi kuchungulia, utamwona nyuki kibarua (mfanyakazi) mmoja akitafuna tundu dogo, anaingiza kipapasio, anaondoka. Mwingine anakuja kulipanua, kisha anavuta jana vipande vipande. Rudia jaribio kabla ya kuamua, kwa sababu kundi dogo au lenye njaa huzembea.

Ukipata mzinga wenye utitiri mchache na usafi mara zote mbili, malkia wako wa mbegu yumo humo. Zalisha mabinti kutoka kwake. Ila binti hupandwa angani na madume 10 hadi 20, wengi wa mizinga ya watu wengine, kwa hiyo nusu ya urithi wa vibarua wake inatoka kwa madume hao. Hata malkia wa kununua, binti zake watakutana na madume hao hao. Basi mizinga iliyofeli usiiachie ijaze masega ya madume, na zungumza na majirani wanaofuga. Wakikubali kupima nao, wape mabinti wa mzinga wako bora.