Nyumbu wamehamia Kenya?

SWALI: Habari dada mhariri. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili hapa Musoma. Nilipata kitabu cha picha cha nyumbu wanavyohama nikawasomea watoto, wakafurahi balaa hasa kwenye mamba, ila nilipomaliza mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona wamehamia Kenya, huku kwetu kubaya?" Nikakosa jibu. Niwafundisheje?

JIBU: Mwalimu wangu, huyo mtoto kauliza swali zuri sana, na kinachomchanganya ni hilo neno kuhama. Kwake kuhama ni godoro na masufuria juu ya kirikuu, mkishaondoka ndo mmeondoka. Sasa akiona nyumbu wanavuka mto Mara na kitabu kinafungwa hapo, anajua bas, wameenda jumla. Mwambie wanazunguka, wanafuata mvua na majani kama mfugaji anavyopeleka ng'ombe mbali kiangazi halafu anawarudisha. Watoto wa mkoa wenu hilo wanalijua tangu nyumbani.

Pia usianze na picha ya mtoni, hata kama ndo imewekwa kwenye jalada. Anza na ndama, kama kitabu hakina wachore wenyewe. Mwezi wa 2 nyumbu wako kusini mwa Serengeti, pande za Ndutu, wanazaa karibu wote ndani ya wiki chache tu, kwa sababu mvua imeotesha nyasi fupi kwenye udongo wa majivu ya volkano, na zile nyasi zina madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji mno. Ndama anasimama ndani ya dakika chache! Waulize wadogo zao walisimama na miezi mingapi, utaona darasa litakavyochangamka. Kiangazi kikikausha kusini wanapanda kaskazini kupitia mto Grumeti, kwenye mwezi wa 7 na wa 8 wanavuka Mara, na mvua za vuli zikianza wanashuka tena. Na waambie huo mto wa kwenye picha unakuja kumwaga maji ziwani hapo hapo karibu na Musoma, yaani ni mto wao.

Mimi nilimsomea mtoto wa kaka yangu, nikachora duara kwa chaki sakafuni, miezi 12 pembeni, halafu tukapanga vizibo vya soda 13, kila kimoja nyumbu laki moja, na viwili vya rangi nyingine ndo pundamilia, hao tukawatanguliza kwa kuwa wanakula majani marefu magumu na kuwaachia nyumbu yale mafupi. Kila ukurasa tunasogeza vizibo. Kitabu kikaishia mtoni, nikakifunga, yeye akapiga magoti akaanza kuvisukuma kimoja kimoja mpaka mwezi wa 2, ananiambia shangazi ngoja, hawajafika.